Je, Wajua?

Picha unayoambatisha kwenye barua pepe kwa kawaida husafiri ikiwa maandishi matupu! Kanuni za kutuma barua pepe (SMTP) za mwaka 1982 ziliruhusu alama 128 za ASCII tu. Mwaka 1992 ukaja mfumo wa MIME wa kuambatisha faili, kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Kwa mbinu ya Base64, programu huandika kila baiti 3 za faili kwa alama 4: herufi, tarakimu, + na /. Hivyo faili la megabaiti 15 hufikia takribani 20 njiani. Mwandishi wa programu asipotaja Base64 kwenye kichwa cha ujumbe, mpokeaji huona msururu wa herufi zisizosomeka. Lakini Base64 haifichi siri: yeyote aweza kuifumbua. Nyaraka nyeti zifunge kwanza kwa nywila.