Kuupima Utando Usioonekana

Dizeli ikimwagika kwenye dimbwi la maji pale gereji, dimbwi hutoa rangi za upinde wa mvua. Dizeli yenyewe haina rangi hizo. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando wa mafuta hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Mawimbi mengine huongezeana nguvu, mengine huuana. Unene wa utando ndio unaoamua ni rangi ipi ibaki.

Mwaka 1931, mwanafizikia Mjerumani Kiessig aliona jambo hilohilo kwenye tando za nikeli, ila kwa eksirei. Eksirei ya shaba, iliyozoeleka maabarani, ina urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, kwa hiyo hupima tando nyembamba mno. Pembe ya mwali ikibadilishwa polepole, nguvu ya mwakisiko hupanda na kushuka kama mawimbi. Utando wa nanomita 50 hutoa mawimbi yanayopishana kwa takriban nyuzi 0.09. Ukinenepa, mawimbi husogeleana: kikubwa kinaonekana kidogo. Hapa wanafunzi hujikwaa. Hata mimi nilijikwaa.

Unene ni kazi nyepesi. Taabu iko kwenye chembe zilizomo ndani ya utando: umbo lake, na umbali kati ya moja na nyingine. Mwali ukipigwa wima hupitiliza hadi kwenye kibao cha silikoni kilichoubeba utando. Dawa ni kuulaza. Chini ya takriban nyuzi 0.2, silikoni huiakisi karibu eksirei yote, na nanomita chache tu za juu za silikoni ndizo zinazoguswa. Chembe zilizomo huutawanya mwali pembeni, na madoa yake hunaswa na kigunduzi.

Kuulaza kuna gharama yake. Mwali wenye kimo cha milimita 0.1 hutambaa karibu sentimita 3, na sampuli fupi hupitwa na sehemu kubwa ya mwali. Ndiyo maana watafiti hukimbilia mitambo mikubwa ya kuzalisha eksirei kama ule wa Grenoble, Ufaransa, wenye mzingo wa mita 844, ambao mwali wake ni mwembamba na mkali kiasi cha kufuatilia utando ukiwa bado unakauka.

Madoa hayo si picha. Kigunduzi huhesabu nguvu tu; mpangilio wa mawimbi umeshapotea. Mtafiti hukisia umbo, hukokotoa madoa ambayo lingetoa, kisha hulinganisha. Maumbo mawili tofauti yanaweza kutoa madoa yaleyale. Kwa hiyo nikisoma ripoti inayotangaza umbo la chembe kwa eksirei pekee, bila hata picha moja ya hadubini ya elektroni, siiamini.