Ukimshitaki Avoka kwa Wenzake, Nani Atakujibu?



Tuseme umelipa avoka akutetee katika kesi ya shamba. Siku ya kusikilizwa hakuonekana, ukashindwa. Ukamwandikia batonie, mkuu wa maavoka. Miezi inapita, hakuna jibu. Jirani anakuambia: "Hao ni wamoja, wanafichana." Hapo ndipo hatari inapoanza, maana mtu aliyekata tamaa na sheria hutazama panga.

Tuelewe kwanza. Katika inchi yetu, sheria ya 1979 imewapa maavoka uwezo wa kuhukumiana wenyewe. Baraza lao linaweza kumwonya mkosaji, kumkaripia, kumsimamisha kwa muda ao kumfuta kabisa. Waganga nao wana chama chao tangu 1968. Sababu ni nzuri: avoka asiyeogopa wakubwa hukutetea vizuri. Lakini uhuru huo haukutolewa ili makosa yafichwe.

Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinasema ombi lililopelekwa kwa mamlaka ya umma lijibiwe ndani ya miezi 3, na mwombaji asishitakiwe kwa kuliandika. Lakini chama kinaweza kusema: "Sisi si serikali."

Hata kwingine swali hilo lipo. Uingereza, sheria ya 2000 inabana baraza la waganga, lakini Law Society, chama cha maavoka, haimo. Kenya, sheria ya 2016 inagusa hata shirika lisilo la serikali likifanya kazi ya umma. Jibu hutolewa ndani ya siku 21. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa tume iliyo nje ya shirika hilo. Aliyekunyima haamui peke yake.

Wewe ufanye nini? Andika barua yenye tarehe. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usiombe siri za wateja wengine. Uliza mambo 3: malalamiko yangu yamefika wapi, yameamuliwa namna gani, na kwa sababu gani? Wakinyamaza, andikia Baraza la Taifa la maavoka.

Nanyi maavoka wenzangu, jibuni. Hata jibu chungu, likiwa na sababu, hutuliza moyo. Kimya chetu ndicho kinachowafundisha watu kujilipizia wenyewe.