Neo inacheza? Usikimbilie kununua ingine

Magaribi, wakati kila nyumba ya avenue inawasha, umeme unaweza kushuka. Hapo ndipo unaona jambo linalosumbua wenye butiki wengi wa Goma: neo haizimike, lakini ndani yake mikanda ya mwanga na ya giza inakimbia sawa nyoka. Mtu anasema tube imekufa, ananunua ingine, na hiyo nayo inacheza. Pesa imeenda bure.

Ndani ya tube hamuna waya wa kupita toka ncha moja mpaka ingine. Muko gazi kidogo ya argoni na tone la zebaki. Umeme ukipita, elektroni zinakimbia na kugonga atomi, nazo atomi zinatoa mwanga. Kila elektroni inayogonga inapoteza nguvu, na inabidi ikimbie tena mbele ya kugonga mara ya pili. Pale zinapogonga kwa wingi panangaa. Pale zinapokusanya nguvu panabaki giza.

Umeme ukiwa kidogo, ao tube ikiwa baridi, mikanda hiyo inaanza kutembea. Gazi yenyewe haisafiri. Ni sawa wimbi la Ziwa Kivu: linapita chini ya pirogi, linaiacha pale pale. Mfaransa Abria alieleza mikanda hii tangu 1843. Gazi yenye kupitisha umeme namna hii, Mmarekani Langmuir aliipa jina la plazma mu 1928.

Basi, mbele ya kununua, omba fundi apime. Umeme wetu ni wa volti 220. Kama mita inaonyesha 170, kosa haliko kwa tube. Ao wewe mwenyewe angalia usiku sana, jirani wakiisha kuzima: mikanda ikipotea, shida iko kwa laini. Tube mupya inaweza kucheza masaa ya kwanza, kisha inatulia. Lakini ikiwa ncha zake zimekuwa nyeusi na inawaka-inazima, hiyo imezeeka kweli.

Ile iliyozeeka, usiipe watoto wachezee: zebaki ni sumu. Ikivunjika, toa watu, fungua madirisha, ngoja dakika 15, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, hapana kwa mikono mitupu. Ni kwa sababu ya zebaki hiyo nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana, mu 2023, kusimamisha biashara ya tube hizi kufikia 2027. Ukilazimika kubadilisha, nunua LED.