KORONA NA KURA: NANI ALIBANWA, NANI ALIACHWA?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo kijiweni huwa linaishia kwenye ubishi tu: jinsi korona ilivyotumika kwenye siasa za Afrika Mashariki. Kila nikikaa na washkaji wa rika langu naona pande mbili. Wapo wanaosema ugonjwa ulikuwa wa kweli na serikali iliyoukataa ndiyo mbaya. Wapo wanaosema ilikuwa janja ya wakubwa kutufungia ndani. Mimi naona tumechanganya maswali mawili. Ugonjwa ulikuwepo na watu walikufa, hilo tulimalize. Swali la siasa ni lingine kabisa: sheria ilipowekwa kwa jina la ugonjwa, ilimbana nani? Na serikali iliponyamaza, ukimya huo ulimsaidia nani?

Mimi nimeishia kidato cha nne, si mwanasheria wala daktari. Ninachofanya ni kupanga matukio kwa tarehe zake, halafu ubishi uanzie hapo. Najua wengine mnalipia nusu saa tu, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na nchi sita: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Kongo na Somalia zilikuja kuingia baadaye. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Rwanda tarehe 14, sisi tarehe 16, na mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa hapa hapa Arusha. Uganda ikafuata tarehe 21, Burundi tarehe 31, Sudan Kusini mwanzoni mwa Aprili. Yaani ndani ya mwezi mmoja nchi zote sita zilikuwa nao. Virusi ni vile vile, havina pasipoti. Lakini Rwanda ilifungia watu ndani kuanzia tarehe 21 Machi, Kenya ikaweka kafyu tarehe 27 Machi, na Tanzania ikafunga shule lakini masoko na nyumba za ibada zikabaki wazi.

Sasa angalia kalenda ya siasa. Burundi ilikuwa na uchaguzi Mei 2020, Tanzania Oktoba 2020, Uganda Januari 2021. Chaguzi tatu ndani ya miezi minane, zote katikati ya janga. Hapo ndipo utamu ulipo, na uchungu pia.

Burundi: hakuna ugonjwa, ila waangalizi wakae karantini

Wakati dunia nzima inaambiwa isikusanyike, Burundi kampeni zilijaza viwanja. Ujumbe wa serikali ulikuwa kwamba Mungu anailinda nchi. Sawa. Lakini mapema Mei, chini ya wiki mbili kabla ya kura, waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaambiwa wakifika lazima wakae karantini siku 14. Kura ni tarehe 20 Mei. Piga hesabu mwenyewe, wangetoka karantini uchaguzi umeshakwisha. Ndiyo ikawa basi tena, hawakwenda.

Haikuishia hapo. Tarehe 12 Mei serikali iliandika barua ya kumfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na wataalamu wengine watatu. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mdogo wa kutosha kujaza viwanja, lakini mkubwa wa kutosha kumzuia mwangalizi. Evariste Ndayishimiye wa chama tawala akatangazwa mshindi kwa asilimia 68 hivi. Tarehe 8 Juni Rais Pierre Nkurunziza aliyekuwa anamaliza muda wake akafariki, na serikali ikasema ni moyo kusimama. Ndayishimiye akaapishwa tarehe 18 Juni, na kabla mwezi haujaisha akatangaza kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa Burundi, na bei ya sabuni ikashushwa. Nchi ile ile, chama kile kile. Kilichobadilika ni kwamba kura zilishapigwa.

Uganda: ugonjwa upo, na upinzani ndio unaougua

Uganda walikwenda njia nyingine. Wao waliukubali ugonjwa mapema na kufunga nchi. Juni 2020 tume yao ya uchaguzi ikasema safari hii ni uchaguzi wa kisayansi, hakuna mikutano mikubwa, kampeni zipite redioni na kwenye luninga. Inaingia akilini, si ndiyo? Tatizo ni kwamba redioni na kwenye luninga huko si kila mgombea anapewa nafasi sawa.

Baadaye mikutano ikaruhusiwa lakini isizidi watu 200. Tarehe 18 Novemba 2020 polisi wakamkamata Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, kule Luuka, kosa ni kukiuka masharti ya korona. Mgombea mwingine wa upinzani, Patrick Amuriat, naye akakamatwa siku hiyo hiyo. Watu wakaingia barabarani, vyombo vya usalama vikafyatua risasi, na ndani ya siku chache watu 54 walikuwa wamekufa. Idadi hiyo Rais Museveni mwenyewe aliikubali. Hebu fikiria: sheria ya kuokoa maisha, na utekelezaji wake unaishia kwenye maiti 54. Human Rights Watch walilalamika wazi kwamba masharti ya korona yanatumika kuukandamiza upinzani.

Desemba kampeni za mikutano zikasimamishwa Kampala na wilaya kadhaa, sababu ikatajwa korona. Kampala ni ngome ya upinzani. Marekani ikafuta mpango wake wa kuangalia uchaguzi kwa sababu zaidi ya robo tatu ya maombi ya vibali ilikataliwa. Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya kura, intaneti nzima ikazimwa. Nyinyi mliozoea kukaa kwenye kafe mnaelewa maana yake: kompyuta zipo, umeme upo, dunia haipo.

Tanzania: ukimya

Kwetu takwimu za mwisho zilitoka mwanzoni mwa Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya, zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimepelekwa maabara na kuonekana zina korona, kwa hiyo vipimo vina walakini. Juni akatangaza korona imeisha kwa nguvu za Mungu. Oktoba tukafanya kampeni kama kawaida na yeye akatangazwa mshindi kwa asilimia 84.

Kwa haki, wapo wanaosema kutofungia watu ndani kuliokoa tumbo la mtu wa mkono kwa mdomo. Mimi hoja hiyo naiheshimu. Mama lishe ukimfungia wiki mbili anakula nini? Kenya kafyu ilipoanza, polisi walipiga watu virungu hadi Rais Kenyatta akaomba radhi hadharani. Lakini kutofungia ni jambo moja, kuficha hesabu ni jambo lingine. Unaweza kuacha soko wazi na bado ukasema leo wameugua wangapi. Na Julai 2020 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilikataza kuandika habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Kwa hiyo hata blogu kama hii ya kwangu ingeingia matatani kwa kuhesabu majeneza.

Mnaona sasa? Mmoja alisema ugonjwa upo, akautumia kumfunga mpinzani. Wengine wakasema haupo au umeisha, na mwenye swali akakosa pa kulipeleka. Njia ni mbili, lakini kote huko aliyekuwa na nguvu hakubanwa.

Ujirani nao ukaingia mchanga

Hapa ndipo mambo ya nje yanapoingia, na sisi wa Arusha tunayajua kwa sababu Namanga ni kilomita kama 110 tu kutoka hapa. Jirani yako asipojua una wagonjwa wangapi, anakuhesabia mwenyewe. Tarehe 12 Mei 2020 marais wa jumuiya walikutana kwa video chini ya Kagame aliyekuwa mwenyekiti, ili wakubaliane jinsi ya kupima madereva wa malori. Tanzania na Burundi hazikuwepo. Siku nne baadaye Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania, mizigo tu ndiyo ipite, na dereva apimwe. Kenya ikasema madereva kadhaa kutoka kwetu wana korona. Wakuu wetu wa mkoa wakasema tumewapima upya, wazima. Na upande wetu nao ukazuia malori ya Kenya. Ikabidi mawaziri wa uchukuzi wakutane Namanga mwishoni mwa Mei.

Wakati huo dereva na utingo wake wanalala chini ya lori. Nyanya na vitunguu havisubiri kikao cha mawaziri, vinaoza.

Agosti ikaja zamu ya ndege. Kenya ilipofungua anga tarehe 1 Agosti iliacha jina la Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wanaingia bila karantini. Tanzania ikaizuia Kenya Airways siku hiyo hiyo, na baadaye mashirika mengine matatu ya Kenya. Yaliisha katikati ya Septemba, Kenya ilipotuongeza kwenye orodha. Mwezi mzima na nusu, watalii na biashara vimekwama.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, serikali ikasema ni maradhi ya moyo. Rais Samia alipoingia aliunda kamati ya wataalamu, nayo ikashauri takwimu zitolewe na chanjo ziletwe. Mei alikwenda Nairobi na kulihutubia Bunge la Kenya. Julai chanjo zaidi ya milioni moja zikafika kutoka Marekani, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya kamera. Ukifungua daftari lako, majirani na wafadhili wanarudi mezani.

Kwa nini nayachimbua leo?

Kwa sababu milipuko haijaisha. Septemba 2024 Rwanda ilipata Marburg, ikatoa hesabu zake mara kwa mara, wagonjwa 66 na vifo 15, na Desemba ikatangaza umeisha. Januari 2025 WHO ikasema kuna dalili za Marburg Kagera. Serikali yetu kwanza ikakana, lakini siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia akathibitisha akiwa na mkuu wa WHO Dodoma. Machi ukatangazwa umeisha. Mwaka 2020 tulinyamaza mwaka mzima. Mwaka 2025 ilichukua siku chache. Hayo ni maendeleo, ila hatua ya kwanza bado ilikuwa kukana.

Kwa hiyo mlipuko mwingine ukija, msibishane tu kama upo au haupo. Angalia kama sharti linambana mgombea wa chama tawala sawasawa na wa upinzani. Angalia kama hesabu zinatolewa na mtu mwingine anaweza kuzihakiki. Halafu angalia lina mwisho, au linasubiri kura zipite. Serikali ikishindwa hapo, jua kuna kitu kingine kinachotibiwa mbali na ugonjwa.

Haya, maoni ni yenu. Wa Kampala, Bujumbura na Nairobi mnaosoma hapa, huko kwenu mlionaje? Na wewe unayesema kufungia watu ndani ndiko kulikokuwa sahihi, njoo na hoja, matusi sitayapitisha. Tuko pamoja.