Viti vya Mtindo wa Behewa: Hesabu Kwanza, Fundi Baadaye

MFANYABIASHARA anayekodi fremu mjini Tabora ili afungue mgahawa hulikuta swali la viti mapema kuliko alivyotarajia. Sufuria na majiko hununuliwa kwa siku moja, na mpishi asiyefaa hubadilishwa. Viti vikishapigwa bolti, ndivyo vitakavyoamua kila siku ni sahani ngapi zinauzwa saa saba mchana.

Mtindo unaozungumziwa hapa ni wa benchi mbili zenye migongo mirefu, zinazotazamana, meza ikiwa katikati na upande mmoja umegusa ukuta. Kwa mkazi wa Tabora si jambo geni, kwani ndivyo abiria wa treni wanavyokaa. Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kabla ya hapo, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipotua Unyanyembe, matajiri wa Kiarabu waliwakaribisha wageni barazani, kwenye benchi pana za udongo chini ya veranda za tembe zao. Kiti kisichohama kina umri mkubwa Tabora kuliko kiti cha plastiki.

Sifa yake kubwa ni kubana nafasi. Chukua fremu mbili zilizovunjwa ukuta wa kati zikawa chumba kimoja chenye upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 8. Ondoa mita 1.3 za kaunta, zinabaki mita 6.7. Benchi za watu wanne, zenye mgongo wa kuchangia, huchukua takriban sentimita 165 kwa kila meza. Zinaingia meza nne kila upande, yaani watu 32, na katikati inabaki njia ya sentimita 120. Meza za kawaida zenye viti vya kuvuta huhitaji kama mita mbili kila moja, kwa sababu anayenyanyuka husukuma kiti nyuma. Hapo zinaingia tatu kila upande, watu 24. Tofauti ni nafasi nane ndani ya pango lile lile.

Wengi huishia kwenye hesabu hiyo na kumwita fundi. Lakini kiti kilichopo si kiti kilichouzwa. Mteja wa mchana katika mji wa makutano ya reli mara nyingi yuko peke yake au na mwenzake: msafiri mwenye begi, dereva, mnunuzi wa asali. Kwenye meza ya wazi, anayechelewa husema "naomba nikae hapa" na mambo yanaisha. Migongo mirefu hugeuza meza kuwa chumba cha mtu, na mgeni huona haya kuingia. Meza nane zikikaliwa na wawili wawili, ukumbi wa watu 32 umejaa kwa watu 16, na wengine wanaondoka mlangoni.

Kwa hiyo busara ni kuchanganya. Ukuta mmoja uwe na benchi za behewa kwa familia na wenye mazungumzo yao ya biashara. Ukuta wa pili uwe na benchi moja ndefu, meza ndogo za watu wawili na viti vyepesi upande wa pili. Meza hizo huunganishwa wakija sita, hutenganishwa wakija mmoja mmoja.

Vipimo visiachwe kwa jicho la fundi. Kalio liwe na urefu wa sentimita 45 kutoka sakafuni likiwa limekaliwa, meza sentimita 75, na kila mtu apewe upana wa sentimita 60. Ukingo wa meza uingie juu ya kalio kidogo, sentimita tano hivi. Ukizidi, mteja mnene hapiti, naye hatarudi kueleza kwa nini. Mguu wa meza uwe mmoja wa katikati. Jambo linalosahaulika ni maji ya kunawa: mhudumu mwenye jagi na beseni hamfikii vizuri aliyekaa ukutani, na maji humwagika kwenye kalio. Sinki karibu na mlango humaliza tatizo hilo.

Kuhusu mbao, Tabora ni nchi ya miombo na mninga wake unajulikana. Mninga uliokauka haupindi ovyo na hung'aa vizuri, ila mti huo huchukua miongo mingi kukomaa, na kuuficha chini ya sponji ni hasara. Utumike kwenye uso wa meza na ncha za benchi zinazoonekana. Fremu ya ndani iwe ya paini iliyotiwa dawa. Mnunuzi adai risiti na hati ya kusafirishia. Mbao zisizo na kibali huweza kukamatwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, zikiwa bado kwa fundi na malipo ya awali yameshatolewa.

Sponji ya godoro la bei rahisi hubonyea mapema. Iulizwe ile nzito, kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo. Leza hupanguswa haraka lakini huunguza mgongo mwezi wa Oktoba. Kalio liweze kufunguliwa, maana mshono uliofungwa kabisa ni nyumba ya kunguni. Benchi iinuliwe sentimita kumi kutoka sakafuni na iachwe mbali kidogo na ukuta ili njia ya mchwa ionekane mapema.

Limebaki pango. Tuchukue mfano kwamba viti hivi vimezidi gharama ya meza za kawaida kwa sh. 1,200,000, na kila sahani huacha faida ya sh. 1,500. Vikileta sahani nne za ziada kwa siku, kwa siku 26 za kazi, faida ni sh. 156,000 kwa mwezi na fedha hurudi katika mwezi wa nane. Vikileta mbili tu, ni zaidi ya miezi 15. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja atakuwa amempambia mwenye nyumba ukumbi wake, kwa kuwa kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye jengo huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Fundi aagizwe kutengeneza vipande vinavyofunguliwa kwa spana na kupita mlangoni, na mkataba uandikwe, kabla ya msumari wa kwanza, kwamba benchi ni mali ya mpangaji na ataondoka nazo.