Je, Wajua? Bubu Anayebweka

Saa saba za usiku, nyumba nzima imelala. Kwenye tangi la kioo pale sebuleni inasikika "tk!", kisha kimya, kisha "tk!" tena. Humo anaishi aksoloti, salamanda wa Mexico mwenye mdomo wa tabasamu na matamvua yaliyochanua kama manyoya pande zote mbili za kichwa. Mfugaji mgeni hudhani anaitwa. Wapi! Aksoloti hana nyuzi za sauti. Amepanda hadi juu ya maji, akapiga funda la hewa na kufumba kinywa kwa nguvu, basi. Matamvua anayo, ngozi yake inapitisha oksijeni, na mapafu pia anayo. Funda lile ni la nyongeza. Akishuka, povu moja mawili humtoka pembeni mwa mdomo, kama mtoto aliyetoka kunyonya.

Kupanda mara mojamoja si neno. Akipanda kila baada ya dakika chache, pima joto la maji. Yeye hupenda nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Zikipita 24 anateseka, kwani maji yakipata joto oksijeni hupungua. Ukiona ncha ya mkia imejikunja na matamvua yamepindia mbele, usingoje kesho.

Je, wajua kwamba salamanda walio wengi hawana hata mapafu? Takriban theluthi mbili ya spishi zote hupumua kwa ngozi na utando wa kinywa peke yake. Hata hivyo, mkamate mmoja wao kwa ghafla na huenda akalia kama panya: ni hewa iliyobanwa kooni ikitafuta pa kutokea. Sireni, salamanda wa vinamasi vya kusini-mashariki mwa Marekani mwenye miguu miwili tu, hutoa mlio akishikwa; na kinamasi kikikauka hujifukia matopeni ndani ya gamba la ute, sawa na kamongo wetu. Nchini China, salamanda mkubwa kuliko wote huitwa "samaki mtoto", kwa kuwa kilio chake hufananishwa na cha mtoto mchanga. Mtoto gani huyo, mwenye urefu unaoweza kupita mita moja na nusu!

Anayebweka hasa ni salamanda mkubwa wa misitu ya pwani ya magharibi ya Marekani. Hufikia sentimita 30, na akichokozwa hubweka kwa sauti nzito kama kijibwa chenye mafua. Masikio yenyewe ndiyo kichekesho: salamanda hana tundu la sikio wala kiwambo chake. Mitetemo ya ardhi humfikia kupitia miguu ya mbele na taya la chini.

Tabia nazo zina vituko. Aksoloti wachanga wakibanana tangini hung'atana miguu, na mguu uliokatika huota upya, mifupa na misuli yote. Mwaka 1864 aksoloti 34 walipelekwa Paris wakiwa hai. Mwaka uliofuata, mwanazoolojia Auguste Duméril aliona baadhi ya watoto wao wamepoteza matamvua na kugeuka salamanda wa nchi kavu. Kumbe aksoloti ni kama kiluwiluwi aliyegoma kukua, ila anazaa.

Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa porini hata mmoja; barani Afrika wako kaskazini tu. Lakini katika vilima vya Taita, Kenya, yupo ndugu yao wa mbali, amfibia asiye na miguu ambaye ukimfukua shambani utamwita mnyoo. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza jinsi anavyolea. Ngozi ya mama huwa nene na kujaa mafuta, na watoto, wenye meno maalumu kwa kazi hiyo, humpanda mgongoni, wakaibambua na kuila. Mama hutulia tuli mpaka washibe.