Mwanao akitaka kuhama timu, usikimbilie kusaini

Kwa mtoto anayecheza soka Nyakato, Manispaa ya Musoma, ndoto haiko mbali. Uwanja wa Karume uko mjini hapo hapo, na Biashara United iliutumia kwa mechi za Ligi Kuu tangu ilipopanda mwaka 2018 hadi iliposhuka mwaka 2022. Mwaka 2021 timu hiyo ilicheza hata Kombe la Shirikisho Afrika.

Ndiyo maana siku moja mtoto huingia ndani na jezi yake ya vumbi na kusema: "Mama, kuna timu inanitaka." Kwake ni furaha tupu. Kwa mzazi ni maswali: shule itakuwaje? Atalala wapi? Na kocha wa mtaani aliyemfundisha bure miaka yote ataambiwa nini?

Samatta alihama kwa hatua

Mbwana Samatta wa Mbagala alitokea African Lyon, akaenda Simba mwaka 2010. Mwaka uliofuata TP Mazembe ya Congo ilimwona uwanjani, Simba ilipokutana nayo katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikamchukua akiwa na miaka 18. Alikaa huko karibu miaka mitano na kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015 kabla ya kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Aston Villa ya England ilimsajili mwaka 2020.

Hakurukia Ulaya. Kila alipohama alikwenda mahali alipopata namba. Mtoto anayetoka timu anayoanza kila mechi na kwenda kukaa benchi kwenye timu yenye jina amepata jezi nzuri, lakini amepoteza dakika za kucheza, na mpira hujifunzwa kwa kucheza.

Chini ya miaka 18, nje ya nchi ni ngumu

Akija mtu na ahadi ya kumpeleka mtoto Ulaya au Uarabuni, mzazi akumbuke kanuni ya FIFA: mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu soka. Kelvin John, aliyeng'ara na Serengeti Boys, alikwenda kwanza kusoma England. Genk ilimsajili mwaka 2021, alipotimiza miaka 18.

Kwa hiyo dalali anayedai nauli na "pesa ya viza" kwa ajili ya majaribio ya kijana wa miaka 15 ni wa kuogopwa.

Umri usiguswe

Wapo wanaoshauri mtoto apunguziwe miaka. Ni mtego. Katika mashindano ya vijana chini ya miaka 17, FIFA na CAF hutumia kipimo cha MRI cha mfupa wa kifundo cha mkono. Cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya kweli ndicho ulinzi wa mtoto.

Kocha wa kwanza ana haki yake

Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Lakini ni lazima klabu iwe imesajiliwa na kumbukumbu za mtoto ziwepo. Kuaga vizuri na kupata barua ya ruhusa ni heshima, na pia ni ushahidi wa alikolelewa.

Kabla ya kukubali, mzazi aulize:

• Timu imesajiliwa na chama cha soka cha wilaya?
• Mtoto ataendelea na shule ipi, na nani atalipa?
• Akiumia, nani atagharamia matibabu?
• Mkataba una miaka mingapi? Kwa kanuni za FIFA, aliye chini ya miaka 18 hasaini zaidi ya mitatu.

Timu inayomtaka mtoto kweli itajibu bila kukasirika. Inayosema "saini leo au tunamchukua mwingine", iachwe imchukue huyo mwingine.